Shajara ya Sanjari, fonti ya msimbo yenye upana mmoja

Wiki ya 1

Nimeanza. Mradi nimeuita Sanjari kwa sababu ndivyo herufi zake zitakavyokwenda: moja nyuma ya nyingine, kila moja kwa hatua ileile. Ni fonti isiyo na serifu, yaani vijinyayo vya mapambo kwenye ncha za herufi, yenye upana sawa kwa kila herufi, ya kuandikia msimbo wa programu za kompyuta na ya maandishi ya kiolesura kama vile vitufe, majedwali na ujumbe wa makosa. Nimekodolea msimbo macho kwa miaka mingi, na kila jioni nimefunga kompyuta nikijua ni herufi zipi zilizonichosha. Nataka kuchora zile ambazo hazitanichosha.

Uamuzi wa kwanza ni upana. Nachora kwenye mraba wa vizio 1000, na swali ni kila herufi ipewe vingapi. Fonti ya Inconsolata ya Raph Levien inatumia 500, imebana na inaokoa nafasi. Consolas ya Lucas de Groot ni kama 550. Courier, ambayo Howard Kettler aliichora kwa ajili ya taipureta za IBM katikati ya miaka ya 1950, ina 600, na namba hiyo ina asili yake: taipureta ilipiga herufi 10 kwa inchi, kila herufi ikapata pointi 7.2 (inchi moja ni pointi 72), na 7.2 ni 0.6 ya pointi 12.

Nimechagua 600, ila kwa hesabu ya skrini. Kwa ukubwa wa pikseli 15 chumba cha herufi kinakuwa pikseli 9 kamili, na kwa 20 kinakuwa 12 kamili. Mstari wa herufi 80, kipimo tulichorithi kutoka kwenye kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928, unachukua pikseli 720. Faili mbili zinakaa bega kwa bega kwenye skrini ya pikseli 1920 na nafasi inabaki.

Kimo cha mstari nimekiweka 1200: 960 juu ya mstari wa msingi, ule ambao herufi husimama juu yake, na 240 chini yake. Chumba cha 600 kwa 1200 ni miraba miwili iliyopandana, na kwa ukubwa wa 15 ni pikseli 9 kwa 18, bila sehemu ya pikseli inayoning'inia. Nilifurahi sana hesabu hiyo ilipokaa sawa.

Wiki ya 2

Nimechora n, o, H na O tu. Miguu ya n ina unene wa vizio 84, pembeni nimeacha 80 kila upande, uwazi wa ndani ukabaki 272. Kimo cha herufi ndogo nilianza na 520, ambacho kwa ukubwa wa 15 ni pikseli 7.8, na ukingo wa juu wa kila neno ukatoka na ukungu wa kijivu. Nimekipandisha hadi 534, pikseli 8 na ushei mdogo. Ukungu umeondoka. Vizio 14 kwenye faili havionekani kwa macho, lakini kwenye skrini ndivyo vilivyotenganisha maandishi safi na maandishi yenye vumbi.

Wiki ya 3

m imekula wiki nzima. Katika fonti ya kawaida m huchukua nafasi inayoitaka, karibu mara moja na nusu ya n. Hapa inapewa chumba kilekile na miguu mitatu iingie. Nikiiacha na miguu ya 84 inakuwa doa jeusi katikati ya neno. Nimepunguza miguu hadi 72 na pembeni nikaacha 50 tu, kwa hiyo kila uwazi una 142, nusu tu ya ule wa n.

Bado ilionekana nzito. Kilichosaidia ni kuukata mguu wa kati uishie juu kidogo ya mstari wa msingi, ili mwanga uingie kwa chini. Nilisita kwa siku mbili kwa sababu m ya namna hiyo inaonekana kama imekatika ukiitazama peke yake kwa ukubwa wa pikseli 200. Lakini hakuna anayesoma msimbo kwa pikseli 200. Kwa 13, 14 na 15, mguu mfupi hauonekani kama mfupi. Herufi inaonekana tu kwamba inapumua.

Wiki ya 4 na ya 5

Wachoraji wa fonti wamezoea kupima kazi yao kwa neno Hamburgefonts. Ni neno zuri kwa kazi hiyo, lina karibu kila umbo la msingi. Lakini lina m moja, na i haimo kabisa. Nilikuwa naridhika nalo mpaka nilipoandika kwa lugha yangu neno moja la kawaida: milimita.

Liandikeni kwenye kihariri chochote chenye fonti ya upana sawa muone. m mbili zilizobanwa mpaka kukosa hewa, i tatu na l moja zinazoelea katikati ya vyumba vitupu. i yenye mguu wa 84 inaacha vizio 258 kila upande, karibu sawa na uwazi mzima wa ndani ya n. Neno linageuka mfululizo wa madoa na mashimo. Na Kiswahili kimejaa mifuatano hii: mimi, wimbi, mwili, kilimo, msimamizi. Mtu anayevipa vigezo vya programu yake, yaani vihifadhi vya thamani, majina ya Kiswahili anakutana nayo kwenye kila mstari.

Kwa hiyo milimita limekuwa neno langu la kipimo. Nimelibandika juu ya dirisha la kuchorea na sitaliondoa mpaka mwisho wa mradi.

Tiba inayojulikana ni kuipa i unyayo mpana chini na kipande kifupi upande wa kushoto juu, ili ijaze chumba chake. Nilifanya hivyo kwa i, kwa l, na kwa t. Matokeo yakawa mabaya kwa namna nyingine: nyayo za i, l, i, i na t zilipangana zikawa kama mstari mwingine uliopigwa chini ya neno, jicho likawa linausoma huo badala ya herufi. Nikarudi nyuma. Sasa i peke yake ndiyo yenye unyayo kamili, na nimeufupisha kutoka 420 hadi 380 na kuupunguza unene hadi 72. l haina unyayo, ina mkia unaopinda kulia. t ina mkia wa namna hiyo, mfupi zaidi. Kila moja inajaza chumba kwa njia yake, na mstari bandia umevunjika. Mguu wa i nimeusogeza pia vizio 16 kulia, kwa sababu kile kipande cha juu kilikuwa kinauvuta uzito wa herufi kushoto.

Faida ya pili imekuja bure: l yenye mkia haiwezi kuchanganywa na 1, wala na I kubwa yenye vipande viwili, juu na chini. Taipureta nyingi za zamani hazikuwa hata na kitufe cha 1. Mpiga chapa alitumia l ndogo na msomaji akaelewa. Kompyuta haielewi. Kigezo kilichoandikwa l1 na kingine I1 ni vitu viwili tofauti, na nimewahi kupoteza alasiri nzima kwa kosa la aina hiyo.

Wiki ya 6

Sifuri. Kuna njia mbili zinazotumika sana, nukta katikati au mkwaju. Andale Mono na Source Code Pro zina nukta; Monaco na Consolas zina mkwaju. Nilichora zote mbili nikazijaribu kwa pikseli 12. Nukta ilififia ikawa kivuli, na sifuri ikaanza kufanana na 8 kwenye safu ya tarakimu. Mkwaju ulibaki wazi, ila una jirani yake, Ø ya Kidenmaki na Kinorwe. Nimeufupisha uishie ndani ya duara bila kugusa kuta, wakati mkwaju wa Ø unatoboa nje pande zote mbili. Wanaopenda nukta wataipata kwenye seti ya mtindo ya kwanza, yaani kundi la michoro mbadala ambalo mtumiaji huliwasha akitaka.

Wiki ya 7

Alama za msimbo. Hapa ndipo fonti ya maandishi ya kawaida inaposhindwa hata ikilazimishwa upana sawa, kwa sababu kistari chake kimewekwa chini, katikati ya herufi ndogo, wakati alama ya kubwa kuliko imewekwa juu zaidi. Ukiziandika pamoja kutengeneza mshale, kistari kinachungulia chini ya ncha. Nimeweka mhimili mmoja kwenye kimo cha 330, na kistari, jumlisha, sawasawa, ndogo kuliko, kubwa kuliko na tilde zote zimekaa juu yake. Kinyota nimekishusha hapohapo, maana kwenye msimbo kazi yake ni kuzidisha, na hakuna tanbihi inayokihitaji kikae juu. Nukta nimeitanua hadi 130, kwa kuwa iko peke yake ndani ya chumba kizima na kwenye lugha nyingi za programu ndiyo inayounganisha kitu na sehemu zake.

Mabano yamenipa raha kuliko nilivyotarajia. Mabano ya mviringo nimeyapinda zaidi, yale ya mawimbi nimeyapa pua ndefu, yale ya mraba nikayapa vidole vipana. Kwa pikseli 12 jozi zote tatu zinatambulika bila kukodoa.

Swali ninaloulizwa tangu nianze ni hili: Sanjari itaunganisha alama? Fira Code ya Nikita Prokopov ndiyo iliyowazoesha watu wengi jambo hilo, ambapo sawasawa na kubwa kuliko zikikutana zinageuka mshale mmoja mrefu. Ufundi wake naupenda kweli. Herufi ya kwanza inabadilishwa kuwa chumba kitupu, na ya mwisho inabadilishwa kuwa mchoro mpana unaorudi nyuma kukifunika, kwa hiyo hesabu ya vyumba haibadiliki na safu hazisogei. Lakini kuna mahali siwezi kupita. Mshangao na sawasawa zikiunganishwa zinatoa ≠, na ≠ ni alama halisi yenye namba yake kwenye Yunikodi, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, U+2260. Msomaji wa msimbo anatakiwa ajue kwa kutazama tu ni nini kilichomo kwenye faili. Sanjari haitaunganisha. Mhimili mmoja umeshatoa sehemu kubwa ya uzuri ule: kistari na ncha vinakaribiana vya kutosha, jicho linakamilisha mshale lenyewe.

Wiki ya 8

Nilikuwa nimeahirisha jambo hili tangu mwanzo. Neno ng'ambo.

Kwenye fonti ya kawaida ile alama ni nyembamba, inajibana kati ya g na a, na ikibaki nafasi mchoraji anazisogeza herufi zikaribiane. Kwenye upana sawa hakuna kusogeza. Alama yenye unene wa 84 inapewa chumba cha 600, inakaa juu kabisa, na chini yake kunabaki shimo pana kama nafasi kati ya maneno. Unasoma ng, kisha ambo. Kwenye kitufe au ujumbe wa kiolesura ni aibu, maana ng' kwetu ni sauti moja isiyogawanyika.

Nimejaribu njia tatu. Ya kwanza, kunenepesha alama: juu 110, ikichongoka hadi 70 chini. Imesaidia kidogo, na nimeiacha hivyo hata kwa msimbo kwa sababu alama za kunukuu nazo zinaonekana vizuri zaidi. Ya pili, kuirefusha ishuke. Hiyo imekataa, ikawa kama mkwaju. Ya tatu ni kanuni ndani ya fonti: n na g zikifuatwa na alama hiyo kisha irabu, alama ibadilishwe kwa mchoro mwingine uliosogezwa kushoto, karibu na bega la g, na g yenyewe isogezwe kidogo kulia ndani ya chumba chake. Upana wa kila chumba unabaki 600, michoro tu ndiyo iliyohama.

Njia ya tatu inafanya kazi kuliko nilivyothubutu kutumaini. Ng'ambo, ng'oa, ng'ara, yote yanasomeka kama maneno mamoja. Lakini kwenye msimbo alama hiyo hufungua na kufunga maandishi, na sitaki irukeruke mahali pake kutegemea kilichoandikwa kando yake. Kwa hiyo kanuni nimeifungia kwenye seti ya mtindo ya tatu. Mwenye kutengeneza kiolesura cha Kiswahili ataiwasha. Kihariri cha msimbo kitaiacha imezimwa.

Nikiwa bado kwenye kiolesura, nimepima pia neno Mipangilio. Lina herufi 10, na kwa pikseli 12 linachukua 72. Kwenye fonti ya kawaida lingekuwa fupi sana, maana herufi nne kati ya hizo ni i na l. Menyu za Kiswahili zitatanuka kwa upana sawa, na hilo siwezi kulirekebisha kwa kuchora. Ushauri wangu kwa watakaoitumia ni kuiweka kwenye namba, majedwali, majina ya faili na lebo fupi, aya ndefu waziachie fonti nyingine.

Wiki ya 9

Unene wa pili, herufi nene. Vihariri vingi huonyesha maneno maalumu ya lugha kwa herufi nene, kwa hiyo nazo lazima ziwe 600 kamili, vinginevyo safu zinahama kila rangi inapobadilika. Miguu ya n imefika 128. m nene imepata miguu ya 104, pembeni 30 tu, na uwazi wa 114 kila upande. Haiendi zaidi ya hapo. Nilijaribu 110 ikaziba.

Italiki nimeinamisha digrii 9 na kurekebisha mikunjo iliyopotoka. Hakuna zaidi la kusema.

Wiki ya 10

Michoro ya visanduku, ile mistari inayotumika kuchora fremu na majedwali kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri za kompyuta. Yunikodi imeitengea sehemu nzima, U+2500 hadi U+257F, alama 128. Sikuzichora kwa mkono. Nimeandika programu fupi inayozizalisha kutokana na namba chache. Kila mstari lazima ufike ukingo wa chumba na kupita kidogo, vinginevyo fremu inatoka na nyufa. Hapa chumba cha 600 kwa 1200 kimenilipa: nusu ya chumba kizima ni mraba kamili, kwa hiyo picha zinazochorwa kwa vipande vya terminali hazivutiki wala hazibonyei.

Kimo hichohicho kimenidai upande mwingine. Kivietinamu kina herufi kubwa zenye alama mbili juu, kama Ế, na alama ya juu ilikuwa inavuka 960 na kukatwa. Nimeshusha kimo cha herufi kubwa zote kutoka 700 hadi 680 na kuzibana alama za juu. Inaingia, kwa shida. H imekuwa fupi kuliko nilivyoipenda, lakini siwezi kumkata mtu jina lake ili H yangu ipendeze.

Wiki ya 11

Siku nne zimepotea. Fonti imesakinishwa, kihariri kinaiona, terminali moja haiioni kabisa kwenye orodha yake. Nilidhani ni jina, nikabadilisha jina. Nilidhani ni faili iliyoharibika, nikaizalisha upya.

Tatizo lilikuwa ni namba moja. Ndani ya faili ya fonti kuna jedwali liitwalo post, na humo kuna sehemu inayotamka kwamba fonti hii ni ya upana sawa. Yangu ilikuwa sifuri. Kuna pia tarakimu kumi za PANOSE, mfumo wa kuainisha fonti kwa namba, ambazo ya nne inatakiwa iwe 9 kwa fonti za namna hii. Yangu ilikuwa 3. Terminali ile husoma tamko na haipimi herufi. Nimesahihisha zote mbili na Sanjari ikatokea papo hapo.

Nikiwa humo nikaandika ukaguzi unaopima upana wa kila glifu, yaani kila mchoro wa herufi au alama. Ukakamata moja: ŵ ilikuwa na 598, masalia ya jaribio la wiki ya tatu. Vizio viwili. Sasa ukaguzi unaendeshwa kila ninapozalisha faili, na namba yoyote isiyo 600 inasimamisha kazi, isipokuwa alama za kupachikwa juu ya herufi ambazo upana wake ni sifuri.

Wiki ya 12

Nimejaribu kwenye skrini za zamani zenye pikseli kubwa. Mguu wa 84 kwa ukubwa wa 15 ni pikseli 1.26, na kila mfumo unaamua kivyake cha kufanya na hiyo 0.26. macOS hulainisha bila kujali maelekezo ya ndani ya fonti. Windows huyafuata, hasa ya wima. Nimetumia ttfautohint, chombo cha Werner Lemberg, kupanga kimo cha herufi ndogo na mstari wa msingi vikae kwenye pikseli kamili. Duara za o na e, ambazo nimezipitisha vizio 12 juu ya n ili zionekane sawa nayo, zilikuwa zinaruka pikseli nzima kwa ukubwa wa 13. Sasa zimetulia.

Leseni ni SIL Open Font License 1.1. Yeyote ataitumia, ataibadilisha, ataifungasha ndani ya programu yake, hata ya kuuza. Hataruhusiwa kuiuza fonti peke yake.

Wiki ya 13

Toleo la 0.5 liko tayari, na limebaki jambo moja: r. Mkono wake unaishia juu kulia na chini yake pako wazi, kwa hiyo barabara na karatasi zinaonyesha mapengo. Nimechora r yenye unyayo, inajaza chumba vizuri, lakini kando ya i unyayo unajirudia na ule mstari bandia wa wiki ya nne unaanza kujitokeza tena kwenye maneno kama kiri na siri. r isiyo na unyayo inaacha pengo, ila mdundo wa neno haupotei.

Nimeziweka zote mbili kwenye faili, isiyo na unyayo ikiwa ndiyo ya kawaida, na nimewatumia wajaribu wangu sita wafanye kazi nazo wiki mbili, moja kwa kila r. Sikuwaambia ipi ni ipi. Kwenye dirisha langu, juu, milimita bado limebandikwa, na chini yake nimeongeza barabara.